Vipaza Sauti vya Wizara ya Faragha

Nchi hii haipo. Nalisema hilo mapema, kabla hujavuta kiti, maana wapo watu ambao wakisikia habari zake huanza kugeuza shingo na kunong'ona, "Huyu anatusema sisi?" Hapana. Ninyi kaeni kwa raha zenu. Kwenu maktaba ni mahali pa kusomea, serikali inabisha mlango na kusubiri, na wakubwa wa wilaya hawapigi wake zao. Nchi ninayoisimulia ni nyingine kabisa, na kama inafanana na yenu, basi mtakuwa ninyi mmeiiga.

Katika nchi hiyo ulikuwapo mji wa Kisimajuu, na katikati ya mji, baina ya ofisi ya posta iliyokufa na soko lililo hai, ilikuwapo maktaba ya umma. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na kompyuta zilizoletwa na nchi rafiki baada ya nchi rafiki kuzichoka. Zilikuwa nzito, zilihema kama wazee wanaopanda ngazi, lakini mtandaoni zilifika, na huduma ilikuwa bure. Watu wa Kisimajuu walizipenda. Wengi hawakuwa na simu za kuingia mtandaoni. Wengine walikuwa nazo, ila simu ilikaa mfukoni mwa mume, au ilizungushwa nyumba nzima kama ufagio. Kwa hiyo mtu mwenye jambo lake alikwenda maktabani. Aliyeota uvimbe mahali asipoweza kumwonyesha mtu, aliyetaka kuacha kazi bila bosi kujua, kijana aliyekuwa na swali ambalo baba yake angelijibu kwa mkanda, wote walikaa pale, wakauliza, wakasoma, wakaenda zao.

Msimamizi wa chumba kile alikuwa Bi. Zamda Kipingu, mkutubi, mjane, mwanamke mwenye sauti ya chini na hasira za karibu. Kila mtu alipoinuka, Zamda aliisogelea mashine ile na kufuta kila kitu: alichotafuta mtu, alichosoma, hata jina lake kama alijisahau akaliacha. Alifuta macho yakiwa pembeni, vidole vyenyewe vikijua njia. Adabu hiyo aliirithi. Mama yake alikuwa mwosha maiti, ameosha nusu ya wanawake wa mji ule, na aliingia kaburini bila kumwambia mtu nani alikuwa na kovu wapi. Zamda aliona walio hai nao wanastahili heshima ileile.

*

Balaa lilianzia nje, kwenye mkutano wa kimataifa. Kila nchi iliulizwa inafanya nini kulinda faragha ya watu wake mtandaoni. Mjumbe wa nchi ile akasimama, akakohoa, akasema kwao suala hilo linashughulikiwa wakati huohuo, kisha akatoka nje mbio kupiga simu. Aliporudi nyumbani, hata sanduku hajalifungua, alikuta imeshaundwa Wizara ya Faragha, Siri na Matangazo, na waziri wake, Mheshimiwa Dokta Kidamali, ameshapewa gari lenye vioo vyeusi.

Mheshimiwa alikwenda Kisimajuu kuzindua mpango. Watoto wa shule walisimamishwa juani wakapepea vibendera. Waziri alipanda jukwaani akajifuta jasho.

"Ndugu wananchi! Faragha ya mwananchi ni mali ya umma!"

Makofi.

"Na mali ya umma, tangu lini ikaachwa mikononi mwa mtu mmoja mmoja? Ninyi mmekuwa mkizitunza siri zenu wenyewe, kienyeji, vichwani, bila mafunzo, bila vifaa, bila bajeti! Mama wa watu anabeba siri miaka nenda miaka rudi mpaka mgongo unapinda. Serikali yenu sikivu imesema basi! Tua mzigo, mama. Lete huku tukubebee!"

Vigelegele vikapasua anga. Zamda, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa maktaba yake akiwa na mkasi wa kukatia utepe kwenye sinia, alirudi nyuma hatua moja.

Kuanzia siku hiyo kila kompyuta ilipewa Mlinzi wa Faragha. Kazi ya mlinzi ilikuwa kusimama nyuma ya mtumiaji na kuangalia kioo cha kompyuta, ili kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayesimama nyuma ya mtumiaji na kuangalia kioo cha kompyuta. Walinzi waliongozwa na Koplo Mbonde, mtu mpana, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko uso wake.

"Sasa Koplo," Zamda alimuuliza, "wewe mwenyewe si unaangalia?"

"Naangalia, bi mkubwa."

"Na wewe si mtu?"

Koplo alifikiri. "Nikiwa nyumbani ni mtu. Nikiwa hapa ni utaratibu."

Zamda alipigwa marufuku kufuta. Kila kilichoandikwa kwenye kompyuta zile kilipelekwa makao makuu, kikahifadhiwe kitaalamu.

*

Watu wa Kisimajuu walikasirika, msiwadharau. Ila ngoja niwaambie walikasirikia nini, nanyi mnishike mkono nisianguke. Walikaa vikao, wakapandisha sauti, wakauliza: mtu mzima anakujaje nyuma ya mtu mzima mwenzake na kuchungulia mambo yake bila kubisha hodi? Amelelewa wapi huyo? Hodi ni kitu cha bure, hata mwizi mwenye haya anaweza kuisema! Jambo likafika bungeni. Wabunge walisimama mmoja baada ya mwingine kulilia maadili ya taifa yanavyopotea. Hakuna aliyeuliza kwa nini mlinzi anachungulia. Waliuliza kwa nini anachungulia bila hodi.

Sheria ya Hodi ikapita kwa shangwe. Mlinzi alilazimika kubisha hodi mgongoni kwa mtumiaji, na asiangalie mpaka akaribishwe.

"Hodi!" alisema Koplo Mbonde asubuhi iliyofuata, nyuma ya mama mmoja.

Mama kimya.

"Hodi hapa!"

Mama akageuza ukurasa wake wa mtandaoni, akaendelea kusoma. Koplo akabaki anatazama dari, jasho linamtoka, maana sheria ni sheria. Kwa siku chache Kisimajuu walipumua wakadhani wameshinda, na baadhi yao walichinja kuku.

Wizara ikakaa, ikatafakari, ikagundua kasoro. Wananchi wana haya, ilisema, na haya zao zisiwanyime huduma. Ndipo akaajiriwa Mwitikiaji. Huyu alikuwa Mzee Kirobo, mshereheshaji mstaafu wa harusi, akapewa kiti karibu na mlango na kazi ya kuitikia kwa niaba ya wananchi wote. Basi ukiingia maktabani ungedhani umefika kwenye posa. "Hodi!" "Karibuuu!" "Hodi wenyewe!" "Karibu sana, pita ndani!" Katikati ya kelele hizo anakaa binti wa watu, amejikunyata, anajaribu kuuliza mashine kwa nini hajaona siku zake.

*

Bado hamjasikia kitu. Mheshimiwa Dokta Kidamali hakuwa mtu wa kuridhika. Alichunguza akagundua kwamba adui mkubwa wa faragha ni umbeya. Akalihutubia taifa.

"Umbeya unatokana na nini? Unatokana na kutojua! Asiyejua hukisia, akikisia hunong'ona, akinong'ona jina la mtu linachafuka. Dawa ni moja. Tutamwambia kila mtu kila kitu, rasmi, kwa wakati mmoja, kwa sauti iliyoidhinishwa. Siku hiyo umbeya utakosa chakula, utakufa!"

Vipaza sauti vikafungwa kwenye nguzo za soko, stendi, na nje ya nyumba za ibada. Kila siku baada ya alasiri, Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ilitangaza yaliyotafutwa maktabani. Msomaji alikuwa Bi. Wastara, mwanamke mwenye sauti laini, ambaye zamani alisoma matangazo ya vifo redioni na kuwaliza hata wasiowajua wafu.

"Bwana Selungwi, fundi viatu," ilisema sauti laini, "leo ametafuta dawa ya kuongeza nguvu za kiume. Wananchi mnaombwa kumheshimu." Soko zima likavunjika mbavu. "Bwana Hizza, mwenye duka la vitabu vya dini, ametafuta picha za wanawake wa nchi za baridi wakiwa ufukweni. Wananchi mnaombwa kumheshimu."

Walicheka, mpaka ikafika zamu zao.

Kulikuwa na mwalimu kijana, Ndeshi, aliyefundisha watoto wadogo. Aliingia maktabani siku moja akauliza juu ya mabaka yaliyomtoka kifuani. Alasiri likatangazwa. Kesho yake darasa lake lilibaki na madawati. Wazazi walisema hawana ubaya naye, wanachukua tahadhari tu. Mwenye nyumba alimwambia hana ubaya naye, anahitaji chumba tu. Kijana aliyemposa alituma mjomba kuja kusema hana ubaya naye. Daktari alipomwona alimpa mafuta ya kupaka, maana ilikuwa fangasi, kitu cha mtoto mchanga. Siku ile vipaza sauti havikutangaza kwamba ni fangasi, kwa sababu hospitalini si maktabani, na mambo ya hospitalini, Koplo Mbonde alieleza, ni siri. Ndeshi aliondoka mjini na begi moja bila kumuaga mtu.

Jamani, mtu anaweza kuwa mpole kiasi gani? Zamda alijifungia stoo ya vitabu akalia kwa hasira, kilio cha kuuma kanga. Kisha akanawa uso, akaenda kwa Mkuu wa Wilaya.

Mkuu wa Wilaya, Bwana Matitu, alikuwa mtu wa tabasamu. Ili Zamda amfikie, ilibidi apite lango lenye askari, mlango wenye karani, na mlango mwingine wenye kitasa cha ndani. Alimweleza habari za Ndeshi. Alimwomba wamrudishie ruhusa ya kufuta.

"Bi. Zamda," alisema Mkuu wa Wilaya kwa upole, "mtu kama hana ubaya, anaficha nini?"

Kabla ya kusema hivyo alikuwa ameinuka, amefunga dirisha, akavuta pazia.

*

Mke wa Mkuu wa Wilaya aliitwa Sikudhani. Mji ulimjua kwa miwani mikubwa ya jua na kwa kuanguka. Alikuwa mtu wa kuanguka sana. Mara kaanguka bafuni, mara kaanguka ngazini, na nyumba yao haikuwa na ngazi. Watu walimpa pole, wakanyamaza. Hivyo ndivyo Kisimajuu walivyokuwa wanajua kutunza siri zisizopaswa kutunzwa.

Alikuja maktabani mchana mmoja, saa ambayo walinzi huenda kula. Mzee Kirobo alikuwa amelala kitini kwake. Sikudhani alijifanya anachagua kitabu cha mapishi, akasimama kando ya Zamda. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa, kimevimba, kimekwenda upande.

"Dada Zamda," alisema bila kumtazama, "nasikia kuna nyumba. Wanapokea wanawake. Unakwenda na mtoto wako, wanakuficha, wanakuonyesha njia ya mahakama."

"Nami nimesikia."

"Ipo mji gani? Mtu anafikaje? Na mtoto, akiwa ana jina la baba yake, anaruhusiwa kumchukua?"

"Sijui, mdogo wangu. Mtandaoni yapo yote."

Wote wawili wakatazama mashine. Zilikuwa zimewaka, zinasubiri, na kila herufi ambayo ingegusa kioo ingekwenda moja kwa moja makao makuu, na kutoka makao makuu ingerudi kwa Bi. Wastara, mlinzi awepo asiwepo.

"Simu yangu anayo yeye," alisema Sikudhani. "Akilisikia hilo likitangazwa, ameshaniambia atakachofanya. Na atakachofanya atakifanya kabla sijafika nyumbani kumchukua Neema."

"Nikikutafutia mimi?"

"Utatangazwa wewe, halafu yeye atauliza nani alikuwa hapa leo. Ana watu wa kumjibu. Na mwenyewe lazima nisome, dada. Nisome nikiwa nimetulia. Si kitu cha kuambiwa juu juu." Akarudisha kitabu cha mapishi. "Basi. Nilikuwa nauliza tu."

Akavaa miwani yake akaenda.

Zamda alibaki amesimama. Angeweza kwenda kwa jirani, kwa shoga, kwa shehe, kwa padri, akasema, mwokoeni mtoto wa watu. Lakini siri ile haikuwa yake. Alikuwa mtoto wa mwosha. Alichokuwa nacho cha kutoa ni jina lake mwenyewe tu.

Aliacha siku kadhaa zipite, ili swali la nani alikuwa maktabani lisimwangukie Sikudhani. Kisha mchana mmoja walinzi waliporudi wakicheua, walimkuta mkutubi amekaa mbele ya kompyuta.

"Hodi!" alisema Koplo kwa mshangao.

"Karibuuu!" aliitikia Mzee Kirobo, akiamka.

Zamda aliandika taratibu, kwa herufi zilizo wazi: nyumba za kuwahifadhi wanawake wanaokimbia waume wanaowapiga.

*

"Bi. Zamda Kipingu, mkutubi," ilisema sauti laini alasiri ile, "leo ametafuta mahali pa kumkimbia mume anayempiga. Wananchi mnaombwa kumheshimu."

Soko likalipuka. Zamda mjane! Marehemu mume wake alikuwa fundi saa, mtu aliyeomba radhi hata kwa paka, na alikuwa kaburini muda mrefu. "Anapigwa na mzimu huyo!" alisema muuza mkaa, akajipiga mapaja. "Shemeji kafufuka na kiboko!"

Mama Tindo, muuza maandazi, hakucheka. Alikuwa mwanamke wa mdomo mkali, asiyeacha mzaha umpite, kwa hiyo kunyamaza kwake kulionekana. Aligeuza andazi kwenye mafuta, akaligeuza tena mpaka likaungua. Kesho yake asubuhi alivua aproni, akafunga kanga, akavuka barabara hadi maktabani.

"Niwekee hiyo mashine, Zamda," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nami nataka ile ya jana."

"Ipi?"

"Ile uliyovaa wewe. Harusini watu wanavaa sare, hata hujui dada wa bibi harusi ni yupi. Kwa nini hapa uvae peke yako?"

Hakuuliza ni kwa ajili ya nani. Wala Zamda hakusema. Walitazamana tu, Mama Tindo akakaa, akaandika kwa kidole kimoja chenye unga.

Alasiri akatangazwa. Kesho wakaja wauza mboga, wamepanga mstari. Wakaja washonaji. Akaja mke wa shehe, na nyuma yake Sista Perpetua wa misheni, ambaye kwa kiapo chake hakuwa na mume wala hatakuwa naye. Akaja Bibi Nyamizi, mwenye umri usiojulikana, akisaidiwa na mjukuu. Alipoulizwa na Koplo anamkimbia mume gani, alijibu, "Wa kwanza. Sijamaliza naye." Wakaja hata wanaume wachache, fundi viatu Selungwi akiwa mbele. "Nimeshatangazwa kwa la aibu," alisema, "nitangazwe na kwa la maana."

"Hodi!" "Karibu!" "Hodi!" "Karibu!" Mzee Kirobo sauti ikamkauka, akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha ikazuka hoja kama kutikisa kichwa ni "karibu" ya kisheria, Koplo akaandikia makao makuu kuomba mwongozo. Kwenye nguzo Bi. Wastara alisoma majina mpaka adhana ya magharibi ikamkatiza. Kila siku alisoma yaleyale, mahali pa kumkimbia mume, mahali pa kumkimbia mume, kwa sauti ileile laini, na hakuna aliyecheka tena kwa sababu ilikuwa imechosha.

Ndipo mchana mmoja, katikati ya kundi la walimu wa chekechea na mke wa Koplo Mbonde mwenyewe, akaingia mwanamke mwenye miwani mikubwa. Akakaa. Zamda akageukia kabati la kamusi akaanza kulifuta vumbi. Hakugeuka hata mara moja. Alisikia kiti kikiburutwa, akasikia pumzi ya mtu anayesoma kwa makini, na kwa muda mrefu hakusikia kingine.

"Bi. Sikudhani Matitu, mke wa Mkuu wa Wilaya," ilisema sauti laini baada ya Bibi Nyamizi, aliyekuwa amerudi kwa mara nyingine, na kabla ya mpishi wa misheni, "ametafuta mahali pa kumkimbia mume anayempiga. Wananchi mnaombwa kumheshimu."

Zamda, akiwa kibarazani kwake, alisimama asikie jina linalofuata. Baadaye alikuja kusimuliwa na mfanyakazi wa ndani wa nyumba ile kwamba Mkuu wa Wilaya alilisikia akiwa mezani. Alicheka mpaka akapaliwa na wali. "Hata wewe, mke wangu? Na wewe umefuata mkumbo wa wauza mchicha? Ama kweli wanawake mna akili moja mnagawana." Akampigapiga mgongoni, kwa upendo, akaomba maji. Yeye akamletea.

*

Makao makuu hayakucheka. Takwimu zilikuwa zimeharibika. Mheshimiwa Dokta Kidamali alifunga safari, akapanda jukwaa lilelile, na safari hii hakukuwa na vibendera.

"Kuna hujuma!" alinguruma. "Serikali imejitolea kutunza siri zenu, nanyi mnaleta siri feki! Mnaijaza mitambo ya taifa kwa siri moja, ileile, imechakaa, imevaliwa na kila mtu! Sasa tutajuaje ya kweli ni ipi? Hii ni dharau kwa faragha! Nani kawafundisha?"

Alizungumza mpaka kivuli cha jukwaa kikahama. Alisema juu ya heshima ya taifa, juu ya wafadhili, juu ya mitambo iliyopata joto. Wasaidizi wake waliandika kila neno. Jamani, niseme au ninyamaze? Nitasema. Mji mzima wa wanawake ulikuwa umetangaza kwa vipaza sauti, siku baada ya siku, kwamba unatafuta mahali pa kukimbia kipigo. Waziri alikuwapo, wabunge walikuwapo, Mkuu wa Wilaya alikuwapo, mkuu wa polisi alikuwapo. Hakuna hata mmoja, hata kwa kuteleza ulimi, aliyeuliza nani anapigwa.

Zamda alisimamishwa kazi palepale, akaamriwa aripoti kesho yake asubuhi ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa mahojiano. Kosa lake liliitwa uharibifu wa mali ya umma.

*

Alikwenda. Alipita sokoni ili anunue andazi la kushika tumbo, maana hakujua angetoka lini. Kibanda cha Mama Tindo kilikuwa kimefungwa, jiko limepoa. Zamda alidhani amechelewa kuamka. Kwa washonaji vyerehani viwili vilikuwa vimefunikwa. Alidhani kuna msiba mahali.

Kwenye korido ya ofisi ya wilaya lilikuwapo benchi refu, na benchi lilikuwa limejaa wanaume. Mume wa Mama Tindo alikuwapo, amevaa kandambili tofauti. Alikuwapo muuza mkaa. Alikuwapo mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, tai imekaa upande. Hawakutazamana. Kila mmoja alikuwa ameangalia viatu vyake kama vya kuazima.

"Shida yako, mzee?" karani alimuuliza muuza mkaa kwa sauti ya ofisini.

Muuza mkaa aliinama mpaka karibu na sikio lake. "Taratibu, bwana. Ni mambo ya ndani."

"Na wewe?"

"Nami la ndani."

Kutoka mwisho wa benchi aliinuka Koplo Mbonde, bila kofia, viatu vyake havijapigwa rangi. "Mimi nitaongea na Mkuu mwenyewe," alisema. "Faragha."

Mlango wenye kitasa cha ndani ukafunguka. Mkuu wa Wilaya alisimama pale, shati limefungwa vifungo kombo, macho mekundu, mkononi amekamata kiatu kidogo cha mtoto wa kike. Hakuwaona watu wa benchi.

"Mwiteni Wastara!" alifoka. "Atangaze sasa hivi! Mke wangu, mtoto wangu, nguo waliyovaa, kila kitu! Mji mzima usikie! Wastara yuko wapi?"

Karani alinyoosha kidole kwenye benchi, kwa mwanamume mwembamba mwenye kofia ya kiua, aliyekuwa analia bila sauti. Mji mzima ulimjua. Alikuwa mume wa Wastara.

Hapo ndipo Zamda alipoelewa. Alidhani amewavisha watu sare ili wamfiche mmoja. Alikumbuka walivyokaa mbele ya mashine zile, wakitaniana, wakijichekesha, kisha wakinyamaza ghafla na kusoma. Alikumbuka Mama Tindo alivyochelewa kuinuka. Alikumbuka sauti ile laini, iliyolisoma neno hilohilo kila alasiri mpaka jua likazama. Hasira zilimpanda, si kwa waliokuwa kwenye benchi tu, bali kwa nafsi yake pia, kwa maandazi yote aliyokula pale asubuhi nenda asubuhi rudi akicheka na mwanamke yule.

Mkuu wa Wilaya aliangalia benchi mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia mkutubi. Sauti ilikuwa imeshuka, karibu ya kubembeleza.

"Bi. Zamda. Ni wangapi?"

"Sijui, mheshimiwa," alisema Zamda. "Ningekuwa naangalia, wasingekuja."